Kosa la Kiingereza Lisahihishwe kwa Hoja, Si kwa Fimbo

Tangu mwaka 1967, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi. Sekondari ni Kiingereza. Basi mwanafunzi wa Nyarugusu, aliyelelewa kwa Kisukuma, huikabili lugha ya tatu. Mtihani ukifika huandika “Did you went?” akachapwa.

Ndugu walimu, huo si uzembe. Kwetu “ulikwenda” hugeuka swali kwa sauti tu. Kiingereza hudai kitenzi kisaidizi kibebe wakati uliopita, na kitenzi kikuu kirejee katika umbo lake la asili: “Did you go?” Tofauti hiyo ionyeshwe ubaoni.

Nasi wazazi hatuna budi kumwachia mtoto jioni za kudurusu, badala ya kumtuma machimboni.