Ada ya Bweni Hainunui Wajibu wa Mzazi



Wapendwa waamini, katika kikao kilichopita cha Halmashauri ya Walei lilitolewa pendekezo ambalo wengi walilipokea kwa makofi: kwamba parokia ijenge bweni katika shule yetu ya awali. Hesabu ziliandaliwa vizuri. Watoto sitini wenye umri wa miaka minne hadi sita, ada ya bweni kwa kila mmoja, na baada ya miaka mitatu paa la kanisa jipya litakuwa limekamilika bila kuwachangisha tena wanajumuiya. Aliyelitoa ni muumini mwema, mwenye jasho lake katika kila tofali la kanisa hilo. Sijibu nafsi yake, najibu hoja yake. Nami najibu kabla ya kikao kijacho, ili asiwepo atakayesema kwamba Paroko alijificha nyuma ya kura: napinga pendekezo hili.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo hoja nyepesi kuliko zote. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliositisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kabla ya hapo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikwisha kutambua kwamba mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Kikaoni ilisemwa kwamba kibali kinaweza kuombwa. Huenda. Lakini kibali cha namna hiyo huwekwa kwa ajili ya dharura za watoto. Hakikuwekwa kwa ajili ya mapaa yetu. Ni aibu kwa Kanisa kutafuta upenyo mahali ambapo Serikali imemkumbuka mtoto.

Sasa nije kwenye hoja yenye uzito. Jumapili hii tunaadhimisha Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Kumbukeni siku mlipowaleta watoto wenu kisimani. Kabla ya maji, kabla ya mafuta, kabla ya mshumaa, padre aliwauliza ninyi wazazi kama mnautambua wajibu mnaojitwalia wa kumlea mtoto huyu katika imani. Mlijibu kwamba mnautambua. Katika miaka yote ya upadre wangu sijapata kumsikia mzazi akijibu, “Naam, Padre, matroni atafanya.” Kisha miaka minne inapita, na mtoto yuleyule yuko stendi mwezi Januari, ameketi juu ya tranka lake, godoro limefungwa kamba, jina limeandikwa kwa kalamu nene ubavuni mwa ndoo. Anajua jina la shule yake, ila Baba Yetu bado hajaijua.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, uliwataja wazazi kuwa waelimishaji wa kwanza na walio wakuu. Papa Yohane Paulo II, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, aliongeza kwamba wajibu huo hauwezi kukabidhiwa wengine moja kwa moja wala kunyang’anywa na wengine. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 793, zinaudai kwa wazazi kama wajibu na kuulinda kama haki. Shule ni msaidizi. Msaidizi akitwaa kiti cha mwenye nyumba, nyumba hiyo imekwisha kupinduliwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi watoto waondolewe shuleni. Huko Marekani wako wazazi wengi wanaowafundisha watoto wao masomo yote nyumbani, na sheria za huko zawaruhusu. Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anaandikishwa na kuhudhuria shule ya msingi, nami namtaka kila muumini aitii. Ninachosema ni hiki: mtoto mdogo aende shule asubuhi, na jioni arudi katika shule nyingine, ile ambayo baba na mama ndio walimu wake. Shule hii ya pili haina likizo, wala hakuna ada inayoweza kumwondolea mwalimu wake zamu.

Zilitolewa hoja za kutetea bweni, nami sitazipita kimya.

Hoja ya kwanza: “Wazee wetu walisoma bweni, na ndio waliojenga nchi.” Akatajwa Mwalimu Julius Nyerere. Vema, tumtazame Mwalimu. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kabla ya hapo alikuwa amekaa Butiama miaka yote ile, akachunga mifugo, akasikiliza mashauri ya wazee barazani kwa baba yake, Mtemi Burito. Alikwenda shuleni akiwa tayari ni mtoto wa watu fulani, mwenye lugha, adabu na ukoo. Mtu huyohuyo, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aliilaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Kumtumia yeye kama shahidi wa kumpeleka mtoto wa miaka minne bwenini ni kumsingizia marehemu.

Hoja ya pili ilichukuliwa katika Maandiko: Hana alimpeleka Samweli hekaluni akiwa mdogo. Ni kweli, na hoja hii naiheshimu kuliko nyingine. Lakini Hana alimtoa mwana kwa Mungu, kwa nadhiri, huku moyo wake ukimfuata. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea kwa mkono wake. Hakumpeleka ili apate nafasi ya kupumzika, wala ili mtoto azungumze Kiingereza kabla ya mtoto wa jirani. Tena msiishie kwa Samweli, someni na habari za Eli. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikulia chini ya paa la baba yao, naye hakuwazuia. Kwa hiyo Maandiko yanawagusa hata ninyi mnaokaa na watoto nyumbani huku macho yenu hayabanduki kwenye simu. Kuishi na mtoto nyumba moja bado hakujawa malezi.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma: “Padre, tunatoka nyumbani alfajiri, tunarudi usiku. Mtoto anabaki na binti wa kazi, naye mwenyewe ni mtoto. Afadhali matroni.” Siwezi kuidharau hoja hii. Najua foleni, najua biashara ya gengeni isiyofungwa hadi saa tatu usiku, najua mwajiri asiyeuliza kama mtoto ana homa. Lakini tuiangalie kwa makini. Kama tatizo ni saa za jioni, dawa yake itafutwe katika saa hizo za jioni. Kumwondolea mtoto wazazi kwa miezi mitatu mfululizo, kwa sababu ya saa nne za jioni, ni kukata mkono ili kutibu kidole. Tena niwaulize: likizo inapofika, kwa nini mnampeleka twisheni tangu asubuhi? Hapo foleni haihusiki. Hapo tunakutana na hofu ya kukaa na mtoto.

Hofu hiyo tuliiona wazi mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya UVIKO-19 na watoto wa shule za msingi wakakaa nyumbani hadi mwishoni mwa Juni. Wako waliolalamika kana kwamba wameletewa wageni wasiowajua. Wako pia waliogundua, kwa mara ya kwanza, kwamba mtoto wao ni mkarimu, au ni mwongo, au haoni vizuri ubaoni. Hayo hayaandikwi katika ripoti ya shule. Huonekana mezani.

Wengine huniambia, “Wewe Padre huna mtoto, hujui shida ya kulea.” Mtoto wa kumzaa sina. Hata hivyo watoto wenu hupita mikononi mwangu, tangu kisimani hadi Komunyo ya Kwanza, nami huingia majumbani mwenu. Nimeyaona. Leo mtoto anasoma ba, be, bi, bo, bu bila kukosea, mama anawaita majirani waje kusikia. Kesho anaitazama “ba” kana kwamba hajapata kuiona maishani. Uji unamwagika juu ya daftari. Umeme unakatika katikati ya hesabu. Mdogo anararua karatasi ya kaka yake, kaka analipiza, na baba anayeingia wakati huo anamchapa asiye na kosa. Mnaanza Rozari mkiwa watano. Mnapofika fumbo la tatu mmebaki wawili, na mmoja wenu anasinzia. Ndipo, mama akiwa anamenya vitunguu, mtoto anauliza, “Bibi tuliyemzika anapumuaje kule chini?”

Wapendwa, swali hilo halina ratiba. Mtoto haliulizi saa ya kipindi cha dini, mbele ya wenzake arobaini. Huliuliza kwa yule anayemwamini, wakati ule moyo wake unapofunguka, na moyo wa mtoto hufunguka jikoni, njiani, na kitandani kabla ya usingizi. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya sita, Musa aliwaagiza Waisraeli wawafundishe wana wao Neno la Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waamkapo. Asiyekuwapo mtoto anapolala na anapoamka atalitimizaje agizo hilo?

Wala msiniambie kwamba hamna elimu ya kufundisha. Tarehe 31 Januari tutamkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco. Alifiwa na baba yake akiwa hajatimiza miaka 2. Mama yake, Margherita, alikuwa mkulima asiyejua kusoma, naye ndiye aliyemfundisha sala, kazi na uchaji wa Mungu. Mwaka 1846 mama huyo aliacha shamba lake akahamia Torino kumsaidia mwanawe kuwatunza wavulana waliozagaa mjini bila wa kuwatunza. Tazameni mpangilio huo: Bosco aliwafungulia nyumba watoto wasio na nyumba. Sisi tunataka kuwafungulia bweni watoto wenye nyumba, walio na baba na mama wazima wa afya.

Shuleni watoto wenu hufundishwa KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mama anayemwambia mtoto ahesabu nyanya za fungu moja anafundisha. Baba anayemwachia mtoto asome maandishi ya pakiti ya chumvi anafundisha. Na nyumba ina K ya nne, ambayo hakuna shule iwezayo kuitia moyoni kama nyumba: Kusali.

Hapa nina neno na akina baba. Methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu mmeigeuza kuwa ngao. Mtoto akiharibika, mnamtazama mama. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Waefeso, sura ya sita, anapoagiza watoto walelewe katika adabu na maonyo ya Bwana, anawaita akina baba kwa jina. Mwenye nafasi ya kutazama mpira hadi saa sita usiku hawezi kusema amekosa nusu saa ya daftari la mwanawe.

Sisemi kwamba kila bweni ni dhambi. Wapo watoto ambao kwao bweni ni rehema: yatima asiye na ndugu wa kumpokea, mtoto asiyeona au asiyesikia ambaye shule inayomfaa iko mbali, mtoto anayeumizwa na watu wa nyumbani mwake. Hao Kanisa lisiwafungie mlango kamwe. Na kijana aliyekwisha kupevuka akienda sekondari ya bweni au seminari ndogo, anakwenda na mizizi yake. Lakini bweni la watoto sitini wa chekechea, linalojengwa kwa sababu lina faida, ni biashara, na msalaba tutakaoupachika langoni hautaibadili jina. Shule zenye majina ya watakatifu hazisameheki kwa majina hayo.

Kwa kuwa si vema kupinga bila kupendekeza, nitaleta kikaoni mambo matatu. Kwanza, shule yetu ya awali ibaki wazi hadi saa moja usiku, ili watoto wa wazazi wanaochelewa kazini wapate uji, mchezo na mtu mzima wa kuwaangalia. WAWATA wasimamie, na akina mama watakaohudumu walipwe posho. Pili, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itenge mkutano mmoja kwa mwezi kwa ajili ya malezi, wazazi wafundishane na kutiana moyo, kwa maana wengi wanaanguka kwa sababu wanalea peke yao. Tatu, UWAKA wajiwekee ahadi ya nusu saa kila jioni na watoto wao, na waulizane juu yake kama wanavyoulizana michango.

Najua gharama ya msimamo huu. Paa litachelewa, na mvua za masika zitatukuta tena chini ya turubai. Nimekubali kuadhimisha Misa chini ya turubai. Mabati yatasubiri, mtoto wa miaka minne hatasubiri, mwakani atakuwa na mitano.

Tumwombe Mtakatifu Yosefu na Bikira Maria, ambao kwao Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kulelewa huko Nazareti, wawasaidie wazazi wote waliochoka jioni ya leo.

Wenu katika Kristo,
Paroko