*TAWI HALITACHANGISHA BUMU LA MWANAFUNZI*



Katika kikao kilichopita lilitolewa pendekezo kwamba vijana wetu walio vyuoni, kwa kuwa "wanapata hela ya serikali na nyingine inabaki", kila mmoja achangie 20,000 kwenye paa la ofisi ya tawi. Kamati imelijadili na imelikataa. Sababu zetu ni hizi.

*Kwanza, hela hiyo ni deni.* Mwanafunzi mwenye mkopo wa chakula na malazi kwa kiwango kamili hupata 10,000 kwa siku, yaani 600,000 kwa siku 60. Akijibana, akapika na wenzake, anaweza kubakiwa na 80,000. Hiyo 80,000 imeandikwa kwenye deni lake sawasawa na ile aliyokula. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi: mwenye 700,000 anaacha 105,000. Tukichukua salio lake leo, atakuja kulilipia paa letu akiwa na watoto wake.

*Pili, wazazi tuambiane ukweli.* Simu za "mwanangu, bumu limetoka? Tutumie ya mbolea" zimezidi. Kijana anaona aibu kukataa, anatuma, na wiki ya sita anakula mlo mmoja au anakimbilia kausha damu. Mgonjwa akiwa ndani na mtoto akasaidia kwa hiari yake, hilo ni la familia. Kumgeuza shamba la kuvuna kila bumu likitoka, hapana.

*Tatu, vijana.* Kukataliwa kwa pendekezo hili si ruhusa ya kubeti wala kubadilisha simu nzima. Ushauri wetu kwa salio ni huu:

1. Jenga akiba ya wiki mbili, yaani 140,000. Bumu likichelewa, njaa haisubiri.
2. Ikishatimia, tenga nauli na chumba cha wakati wa mafunzo kwa vitendo, pamoja na uchapaji wa ripoti.
3. Kinachozidi kinunue kifaa cha kazi: kompyuta iliyotumika, cherehani, vifaa vya fani yako.

Wapo wanaouliza kama ni bora kurudisha salio Bodi ya Mikopo mapema. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, hivyo deni haliongezeki kwa kukaa. Ukiwa bado unasoma, akiba iliyo karibu nawe inakufaa zidi ya haraka ya kulipa. Ukipata kipato, lipa bila kufuatwa, maana marejesho yako ndiyo yanayomsomesha mdogo wako.

Tumesikia pia hoja kwamba chama ni cha wote, kwa hiyo wote wachangie. Ni kweli, na ndiyo maana mwanafunzi atalipa ada ya uanachama kama sisi sote. Akiwa likizo, aje atusaidie kubeba mabati. Fedha za mabati tutazitoa sisi wenye mishahara, maduka na mashamba, na daftari la michango litakuwa wazi mezani ofisini kwa kila mwanachama kulikagua.

Chama kinachotaka vijana wenye msimamo kisianze kwa kuwala akiba yao.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati