Usawa wa 128 si haki

Haya jamani, leo nina jambo la kuzungumza nanyi, jambo ambalo sisi tunaofanya kazi na seva kubwa hulipita haraka mno: nani apewe prosesa, na nani asubiri. Wale msioshughulika na mitambo hii msikimbie. Habari yenyewe mnaijua, mnaiishi kila mfereji unapokauka.

Hapa Frere Town, si mbali na Kengeleni, naishi kwenye ploti yenye wapangaji sita na tangi moja. Tuseme mwenye nyumba ametoa amri: kila mpangaji mitungi minne kwa siku, basi. Mmoja akienda mazishini Kaloleni siku tatu, maji yake yanalala tangini. Jirani yake ana harusi, analipa mkokoteni umletee maji ya kununua, na tangi limejaa juu ya kichwa chake. Hakuna aliyeibiwa, lakini nani atasema huo ni mpango wa maana?

Seva nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 1988 IBM walileta patisheni za kimantiki kwenye kompyuta zao kubwa: mashine moja inagawanywa, kila sehemu ina mfumo wake wa uendeshaji na inajiona iko peke yake. Mwaka 2001 uwezo huo ukafika kwenye seva zao za Unix, ila patisheni ilibidi ipewe prosesa nzima nzima. Kisha ikaja POWER5 mwaka 2004, na patisheni ikaweza kupewa hata sehemu ya kumi ya prosesa kutoka kwenye akiba ya pamoja. Kila milisekunde 10 mashine yenyewe inapima upya nani ale nini.

Mambo ya kupanga ni manne. Kwanza mgao wa uhakika, ambao patisheni haikosi ikiuhitaji. Pili, je, ina kikomo? Yenye kikomo haivuki mgao wake hata kama prosesa nyingine zimelala. Isiyo na kikomo inaruhusiwa kula ziada. Tatu ni uzito, kuanzia 0 hadi 255, unaoamua ziada igawiwe vipi wanapoitaka wengi. Nne ni idadi ya prosesa pepe: patisheni yenye prosesa pepe moja haiwezi kula zaidi ya prosesa moja halisi, hata ukiipa uzito wa tembo.

Usipogusa kitu, kila patisheni hupata uzito wa 128. Sasa niwape kisa changu, nacho si cha kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu kwa kampuni moja ya huku pwani. Seva ilikuwa na prosesa 4. Patisheni ya mishahara ilikuwa na mgao wa 1.0, ya bohari 1.0, ya ripoti za usiku 0.5, na yetu ya majaribio 0.5. Hakuna iliyokuwa na kikomo, na zote zilikuwa na uzito wa 128. Tulijiona waungwana, hakuna mkubwa wala mdogo.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi kazi ya mishahara ilianza saa nne asubuhi. Kwa kawaida, wengine wakiwa wamelala, ilichukua prosesa zote 4 na kumaliza kwa saa tatu. Faili lilitakiwa liwe benki kabla ya saa tisa alasiri. Siku hiyo bohari ilikuwa imefungwa kuhesabu mali, ripoti zilisubiri usiku, na mimi nikaacha programu ya majaribio ikizunguka bila mwisho nikaenda kula.

Piga hesabu. Mishahara ina 1.0, majaribio 0.5, ziada ni 2.5. Uzito ni sawa, kwa hiyo kila mmoja akaongezewa 1.25. Mishahara ikabaki na 2.25 badala ya 4, na saa tatu zikawa saa tano na dakika ishirini. Faili likatoka saa tisa na dakika ishirini. Watu wakalipwa Jumatatu. Mmoja wao ni mlinzi, jirani yangu wa ploti, aliyekopa hela za kununulia unga wikendi ile bila kujua kwamba aliyemkopesha ndiye aliyemchelewesha.

Mashine haikukosea, ilitii tulichoiambia. Tuliiambia majaribio yangu na mshahara wa mlinzi vina uzito mmoja. Tungeipa mishahara 192 na majaribio 64, mishahara ingepata 2.875 na faili lingetoka saa nane na dakika kumi. Tungeyanyima majaribio ziada kabisa kwa uzito wa 0, mishahara ingepata 3.5 na kumaliza mapema zaidi.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuweka kikomo kila mahali. Mimi nakataa. Mishahara ikibanwa kwenye 1.0, saa tatu zinakuwa kumi na mbili huku prosesa zimelala. Huko ni kurudi kwenye tangi la ploti. Kikomo kina kazi yake pale leseni ya programu inapotozwa kwa idadi ya prosesa inazoweza kufikia. Hapo banana, ni pesa. Kwingine, achia ziada itumike.

Ila kabla hujaiachia, keti na wenye kazi, si mafundi peke yao, muulizane: siku prosesa hazitoshi, nani asubiri? Swali hilo lina aibu yake, kila idara itasema yake ndiyo ya kwanza. Ndiyo maana tunaiacha 128 na kuiita usawa, kumbe tumekwepa kuamua. Mkiisha kuamua, kwenye AIX endesha lparstat siku ya mwisho wa mwezi: physc itakuonyesha patisheni inakula kiasi gani, na app, ukiwa umeiruhusu patisheni kuiona akiba, itakuonyesha kilichobaki.

Wewe kwako nani anasubiri? Kama hujui, basi huenda ni mlinzi.