Dawa za kutafuta mtoto zinaenda na saa, lakini mipaka na barabara zetu hazina saa

Kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama Furaha, Mama Baraka. Bibi aliyekaa miaka tano mu ndoa bila kuzaa anajua vile swali dogo la sokoni, "Weye ni mama nani?", linaweza kumuharibia siku nzima.

Si yeye peke yake. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba karibu mtu 1 kwa watu wazima 6 anapitia shida hii wakati fulani wa maisha yake. Kwa waganga, shida inahesabiwa kisha miezi 12 ya kutafuta mimba bila kuipata. Laana haimo mu hesabu hiyo.

Tiba ipo, na zingine ni nyepesi: vidonge, ao kutibu maambukizo. Lakini wale wanaofika kwenye utungishaji wa maabara, njia iliyomleta Louise Brown duniani kule Uingereza mwaka 1978, wanaingia mu kalenda isiyosamehe. Sindano kila siku, kwa siku 8 mpaka 14 hivi. Ekografia kila siku mbili, tatu. Kisha sindano ya mwisho, kwa saa iliyopangwa, na mayai yanatolewa karibu saa 36 nyuma yake. Ukichelewa, mayai yanapotea, na feza pamoja nayo.

Sasa, ndugu musomaji, weka kalenda hiyo hapa kwetu. Uwanja wa ndege wa Goma na mabenki ya muji vilifungwa Januari 2025. Anayetafuta tiba hiyo Kigali ao Kampala anapaswa kwanza kukusanya dola mukononi, kisha kuuliza kama mpaka uko wazi, Ruzizi ao Kasindi, na kama barabara ya kufika pale inapitika. Sindano zingine zinataka baridi ya digri 2 mpaka 8. Umeme ukikatika usiku, mama anaamka kushika frigo kwa mukono. Watu wanasema dawa ndizo zinamfanya awe na hasira na machozi. Ni kweli, dawa zinachangia. Ila nani asingelia?

Kipindi kigumu zaidi hakina sindano nyingi wala ekografia. Ni zile siku kama 14 za kungojea matokeo. Dawa ya projesteroni anayopewa inaleta dalili zilezile za mimba, na zilezile za hedhi. Asubuhi maziwa yanauma, anafurahi, anaanza kuhesabu miezi. Jioni tumbo linakata, anajifungia chooni kuangalia kama kuna damu. Kesho yake inaanza upya. Na hawezi kumwambia mtu, maana jamaa hawajui kama shamba limeuzwa. Mama mukwe anapiga simu: "Bado tu?" Anajibu kwamba yuko mu biashara.

Mara nyingi jibu ni hapana, hata kwenye vituo vya nchi tajiri. Waganga wanapaswa kulisema hilo mbele ya kupokea malipo, si nyuma.

Kuna jambo lingine, na hapa nitasema wazi hata kama wababa watakasirika. Karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mwanaume naye ana sehemu yake. Lakini bibi ndiye anapitishwa kila hospitali, anakunywa kila muti, miaka na miaka, kabla bwana hajaombwa hata kipimo kimoja. Spermogramu haina sindano wala kupasuliwa: anakaa siku 2 mpaka 7 bila tendo la ndoa, anatoa mbegu ndani ya kikopo, maabara inaangalia. Mwanaume mwenye nguvu kitandani anaweza kuwa na mbegu chache. Ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo, baba, kabla ya kuuza shamba na kumtuma bibi ngambo ya mpaka, kipimo chako kiko wapi? Na kama ni lazima aende, zile siku 14 atazingojea na nani?