Mita 50 za kipepeo: mlango umefunguliwa, mabinti wetu wako wapi?

Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliridhia mita 50 za mtindo wa kipepeo, kwa wanawake na wanaume, ziingie katika michezo ya Los Angeles 2028. Uamuzi huo umechelewa. Farida Osman wa Misri alitwaa shaba ya dunia katika mbio hizo mwaka 2017 mjini Budapest, akairudia Gwangju mwaka 2019, lakini Olimpiki haikuwa nazo.

Sisi Warundi tumezoea mita 50 za mtindo huru. Elsie Uwamahoro aliziogelea Beijing 2008 na Rio 2016, kwa nafasi zinazotolewa kwa nchi ambazo mchezo huu bado ni mchanga. Wapo watakaosema sasa tumhamishie binti kwenye kipepeo, eti waogeleaji wake ni wachache. Sikubaliani nao. Mbio hizi huamuliwa kwenye kuruka na kwenye teke la chini ya maji, ambalo sheria inaruhusu hadi mita 15, karibu theluthi ya safari nzima. Hilo halifundishiki Tanganyika. Ziwa letu, pamoja na uzuri wake, halina ukuta wala jukwaa la kurukia, viboko linao. Wasichana ninaowafundisha huliona kila siku, na wengi wao hawajui kuogelea.

Mabwawa ya hoteli na klabu yapo hapa Bujumbura. Wizara iyakodi kwa saa mbili kila Jumamosi asubuhi, kwa ajili ya shule, kabla wageni hawajaamka.