Manamba wa Viza

Kuna neno moja nataka tulikabe shingo hapa hapa, kabla halijatutoroka. Neno lenyewe ni "tegemezi".

Nilikutana nalo jioni moja hapa Miyuji, upepo ukiwa kazini kuhamisha vumbi la Dodoma kutoka upande mmoja wa barabara kwenda wa pili. Jirani yangu, fundi uashi, alinijia na simu mkononi. Mtaani wanajua kwamba naandikaandika, basi kila karatasi ya Kiingereza huletwa kwangu kana kwamba ni mimi niliyeitunga.

"Mwandishi, hebu nisomee hapa. Wanasemaje?"

Nikasoma. Mke wake aliondoka Agosti 2024 kwenda Uingereza kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliacha mume, binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Sasa mume alitaka kujua lini yeye na watoto watamfuata.

"Wanasema wafanyakazi wa kazi ile hawaruhusiwi kuleta tegemezi," nikamwambia.

"Tegemezi ndio nani?"

"Ndio wewe. Wewe na watoto."

Alinyamaza kidogo, halafu akacheka kile kicheko cha mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua na sasa ametafsiriwa. "Mimi tegemezi? Nani anaamka saa kumi na moja kuchemsha uji? Nani anampeleka mtoto zahanati usiku? Mwenzangu angekwendaje huko kama mimi nisingekuwepo hapa?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonikosesha usingizi, na ndilo lililoandika makala hii. Nani anamtegemea nani?

Tuanze na sheria, maana vijiweni mambo ya majuu husimuliwa kama hadithi za Abunuwasi. Tangu tarehe 11 Machi 2024, serikali ya Uingereza iliwazuia wafanyakazi wapya wa kutunza wazee na wagonjwa kwenda na mume, mke au watoto. Waliokwisha kuingia katika viza hiyo kabla ya siku hiyo waliachiwa haki yao. Mke wa jirani yangu alichelewa miezi mitano. Tarehe 22 Julai 2025 wakaufunga kabisa mlango wa kuajiri watu wapya wa kazi hiyo kutoka nje. Lakini daktari na muuguzi mwenye sifa kamili, wanaoingia kwa viza ya aina ile ile, waliendelea kuruhusiwa familia zao. Yaani daktari ana watoto. Anayemwogesha mzee ana tegemezi! Mapenzi ya mama kwa mwanawe nayo yamepangwa madaraja kama mabehewa ya treni.

Sababu waliyoitoa ni hii: katika mwaka ulioishia Septemba 2023, wafanyakazi wa kutunza watu wapatao 100,000 walifuatana na wanafamilia wapatao 120,000. Magazeti yao yakapiga yowe. Hebu chukua kalamu ugawe mwenyewe. Ni mtu mmoja na kipande kwa kila mfanyakazi. Mume, na mguu mmoja wa mtoto. Hayo ndiyo mafuriko? Hapa Miyuji mtu akija kukusalimia Jumapili huja na watu wengi kuliko hao.

Sasa kuna watakaosema, "Avumilie tu, miaka itapita, atapata ukaazi wa kudumu, atawavuta." Haya, tuvumilie pamoja kwa hesabu. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara wa viza ya kazi hiyo kiliwekwa paundi 25,000 kwa mwaka. Na mwenye ukaazi wa kudumu anayetaka kumleta mwenzi wake ametakiwa, tangu Aprili 2024, kuonyesha kipato cha paundi 29,000. Kabla ya hapo, tangu 2012, ilikuwa 18,600. Kwa hiyo hata akimaliza kuvumilia, mwenye mshahara wa kima kile bado amepungukiwa paundi 4,000 ili aruhusiwe kulala nyumba moja na mume wake wa ndoa. Kwa viwango vya Aprili 2025, ombi la mwenzi anayetoka nje lilikuwa paundi 1,938, na juu yake ada ya matibabu ya paundi 1,035 kwa mwaka, ikilipwa ya miaka mitatu kwa mkupuo. Jumla inapita paundi 5,000 kwa mtu mzima mmoja, watoto bado hawajahesabiwa. Na huyu fundi uashi wetu ni lazima pia afaulu mtihani wa Kiingereza, kana kwamba mke wake alikuwa akimpenda kwa Kiingereza.

Miaka yenyewe mingapi? Kawaida ya kupata ukaazi ilikuwa mitano. Mei 2025 serikali yao ilipendekeza iwe kumi kwa walio wengi. Binti wa jirani yangu aliachwa ana miaka minane. Ongeza kumi. Siku mama yake atakaporuhusiwa kumwita, mtoto atakuwa na miaka kumi na minane, na kwa sheria si mtoto tena. Hiyo si foleni. Ni saa iliyotegwa.

Wazee wetu waliwahi kuiona biashara ya namna hii, ila haikuitwa viza. Iliitwa manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na mikono ikakusanywa kutoka mbali: Kigoma, Tabora, Njombe, Songea. Mtu alipewa namba, akapewa kipande cha kuhesabia siku zake thelathini za kazi, na jina lake likabaki kijijini kwa mkewe. Wengine walivuka mpaka na Wenela kwenda migodi ya Afrika Kusini, wakalala mabwenini wanaume watupu. Mwenye mgodi alikuwa na akili ya kikatili: mke akibaki kijijini analima, analea watoto na kumuuguza mzee, basi mshahara wa mume unaweza kuwa wa mtu mmoja. Gharama ya kumzaa mfanyakazi, kumlea, na kumpokea akishachakaa, ililipwa na jembe la mwanamke ambaye mgodi haukumjua hata kwa jina.

Na huyo mwanamke, katika vitabu vya mgodi, angeitwa nani? Tegemezi!

Mnaona mchezo ulivyo? Uingereza inamtegemea mama wa Miyuji aogeshe wazee wake. Mama anamtegemea mume alee watoto ili yeye apate nafasi ya kuogesha. Kwa hiyo yule mzee wa Kiingereza aliyekaa kwenye kiti chake, shati safi, chai mkononi, anategemea uji unaochemshwa saa kumi na moja alfajiri Miyuji. Lakini fomu ikiandikwa, aliyechemsha uji ndiye tegemezi. Kazi yake inavuka mpaka bila pasipoti. Yeye mwenyewe haruhusiwi.

Hata wakubwa wa mkonge, ambao sina sababu ya kuwasifu, walikuja kuona kasoro hiyo. SILABU, ile ofisi iliyoundwa 1944 kuwakusanyia vibarua, ilifika mahali ikawasafirisha pia wake na watoto wa baadhi yao, kwa sababu mtu aliye na familia yake hutulia kazini. Haikuwa huruma, ilikuwa hesabu. Inakuwaje karne hii tushindwe na wakoloni wa katani?

Nawasikia wabishi. Wa kwanza anasema kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Sawa, sibishi. Mwenye nyumba anaweza kusema leo sipokei mgeni. Lakini ukimwita mtu aingie jikoni akupikie, akuoshee vyombo, akubebee mzee wako ngazini, huwezi tena kusimama mlangoni na kudai kuwa moyo wake ni mzigo uliozidi uzito.

Wa pili anasema mwanamke mwenyewe alijua na akatia sahihi. Kweli. Hata manamba walitia dole gumba. Tangu lini sahihi ya mwenye shida ikawa ushahidi kwamba masharti ni ya haki? Kwanza ingekuwa tunaamini hivyo, tusingekuwa na chama cha wafanyakazi hata kimoja.

Wa tatu ndiye mgumu zaidi, kwa sababu ni ndugu yetu. Anasema, "Acha kelele, wewe kijana. Mshiko unakuja. Wamepaua, watoto wanasoma shule nzuri." Huyu simjibu kwa dharau, maana bati nimeliona kwa macho yangu na linang'aa. Namwuliza tu: hapa Dodoma, si sisi tuliosikiliza vilio vya watumishi? Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia huku, wangapi walikuja peke yao wakaacha familia Dar es Salaam, kisha kila siku wakawa wanalalamika kwamba nyumba bila watoto ni godauni? Leo wako wanaopanda treni ya umeme Ijumaa jioni wakale ugali na watoto wao, Jumapili wanarudi. Tena mtumishi wa umma anaweza kuomba uhamisho kwa sababu ya kumfuata mwenza, na hakuna anayemcheka. Kwa hiyo tunajua kabisa kwamba mume na mke kukaa pamoja si anasa. Tunajua kwa mwalimu wa Kongwa na karani wa wizarani. Akiwa mtu wa majuu, ghafla tunasahau. Tunasema ana bahati.

Hapo ndipo lawama inapogeuka na kutuelekea sisi, na sitaki tuikwepe. Jirani yangu, pale kijiweni wanakokunywa kahawa, amebandikwa jina. Wanamwita "Mama Watoto". Wanasema ameolewa. Mwanaume aliyebeba nusu ya mkataba wa kazi bila mshahara, badala ya kupewa heshima, anafanywa kichekesho cha jioni. Na upande wa mke nako simu hazikauki: shemeji anataka ada, binamu anataka mtaji wa bodaboda, shangazi ana jicho. Hakuna hata mmoja anayempigia kumwuliza, "Dada, umelala?" Waingereza wamechukua mikono yake, na sisi tumechukua kilichobaki mfukoni.

Na serikali yetu? Upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji wote na familia zao. Jina lenyewe lina neno familia. Nchi kubwa zinazopokea wafanyakazi hazikuukubali, na hilo halishangazi. Mwenye duka hapendi mizani mpya. Lakini Uganda iliuridhia tangu 1995. Sisi je? Tanzania haimo. Kwa mdomo gani tutakwenda kudai huko nje kile ambacho hatujakitia sahihi wenyewe? Viongozi wetu wanapotafuta kazi za nje kwa ajili ya vijana, iwe Uingereza, iwe Oman ambako dada zetu wa kazi za ndani hulala nyumbani kwa tajiri, swali la pili baada ya mshahara lingepaswa kuwa: na watoto wao watawaona lini? Kama jibu ni "hawatawaona", basi tuambiwe wazi kabla ya kupanda ndege, kwa Kiswahili, na mume akiwa chumbani anasikiliza.

Nawageukia sasa ninyi wenzangu mnaoandika, au mnaotamani kuandika. Nimesoma hadithi zetu nyingi za majuu. Zote zinafanana. Kijana anaondoka, anateseka kidogo, anarudi na sanduku la magurudumu, msichana aliyemwacha analia. Au anarudi na Mzungu, mama mzazi anazimia. Bwana wee, tumechoka! Nani ameandika habari za mume anayejifunza kumsuka binti yake nywele kwa kutazama vidole vya mama yake kwenye simu, mtandao ukikatika katikati ya mstari? Nani ameandika habari za mtoto wa miaka minne anayeamini kwamba mama ni mtu anayekaa ndani ya simu, na betri ikiisha anakufa? Sisemi mambo ya kubuni. Hayo niliyaona ukutani mwa tatu kutoka kwangu. Tunakimbilia London kutafuta hadithi wakati hadithi iko kwenye foleni ya maji.

Tena tuwe macho na maneno. Kazi yetu sisi ni maneno. Wao wakiandika tegemezi, tusiandike tegemezi. Tuandike mume. Tuandike mtoto. Tuandike mshirika wa kazi asiyelipwa. Neno bovu likiachwa kwenye fomu linageuka sheria, na sheria ikikaa sana inageuka desturi, mpaka siku moja mtoto mwenyewe ataulizwa yeye ni nani na atajibu kwa lile neno.

Jirani yangu hakuondoka na jibu jioni ile. Aliichukua simu yake, akaifuta vumbi kwa kanzu ya fulana, akasema lazima awahi kwa sababu saa tatu mkewe anapata dakika kumi na tano za mapumziko, na watoto wakikosa kumwona hawalali. Dakika kumi na tano. Hiyo ndiyo ndoa waliyobakishiwa.

Mimi nasema hiyo ni dhuluma, na kuiita bahati ni kushiriki. Anayebisha, kurasa zipo. Na aandike toleo lijalo.