Shamba na Mkulima: Maji Yameingia Kiasi Gani?

Mwulize mtu arudiye shambani usiku, jembe begani na tope hadi magotini, kama amemaliza kumwagilia. Atajibu, "Tayari, maji yamefika mwisho." Lakini maji kufika mwisho wa shamba ni jambo moja, na maji kuingia ardhini ni jambo jingine.

Maji ya mfereji ni ya zamu. Wachagga wa Kilimanjaro wana mifongo, yaani mifereji iletayo maji toka mitoni, na wageni wa Ulaya waliofika huko katika karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi. Hata leo, mwenye zamu huyaacha maji yaende mpaka saa zake ziishe, akidhani kuyafunga mapema ni hasara. Na jirani aliye chini yuangoja, mahindi yake yamejikunja majani.

Basi tufanye hesabu. Tuseme mtaro ulio kati ya matuta yako una urefu wa mita 60, na toka mtaro hadi mtaro ni sentimita 75. Hizo ni mita za mraba 45. Ukitaka kuyapa mahindi maji ya kina cha milimita 60, wahitaji lita 2,700, maana milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Sasa chimba kishimo mdomoni mwa mtaro, weka debe la lita 20, uelekeze maji yote ndani yake. Likijaa kwa sekunde 20, wapata lita 1 kila sekunde. Dakika 45 zatosha! Ukiyaacha saa 3, zimepita lita 10,800, mara nne ya haja yako. Yaliyozidi yamezama chini ya mizizi pamoja na mbolea uliyoinunua kwa fedha, au yamekwenda njiani.

Ongeza dakika chache, kwa kuwa maji hayaenei sawasawa. Na hapo ndipo wengi hushindwa. Chomeka vijiti kila mita 10 kando ya mtaro. Andika saa maji yanapofikia kila kijiti, na saa yanapokwisha kunywewa hapo. (Mtoto ajuaye kusoma saa aweza kazi hii, naye ataipenda kuliko kupalilia.) Tofauti ya saa hizo ndiyo muda ambao udongo wa pale umekunywa. Ikiwa kichwani ni saa 3 na mkiani dakika 20, mimea ya mkiani ina kiu, ingawa mtaro wote ulionekana umelowa. Baada ya siku moja au mbili, dunga kipande cha nondo ardhini huku na huku. Penye unyevu chashuka upesi. Kikifika penye ukavu chakataa.

Kanuni ya kufuata ni hii: maji yafike mwisho kwa robo ya muda ambao udongo wahitaji kunywa. Ukihitaji saa 1, yafike kwa dakika 15. Yakichelewa, usifungulie mitaro kumi pamoja; fungulia michache kwa maji mengi, kisha yakifika uyapunguze. Kwenye mchanga hata hivyo hayatafika, basi fupisha mitaro.

Ila angalia mteremko. Shamba likishuka mita 1 katika mita 100, usipitishe lita 0.6 kwa sekunde katika mtaro mmoja. Likishuka nusu mita, mwisho ni lita 1.2. Maji yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, punguza mara moja, maana huo ni udongo wako unaokwenda.